Siku Baba Alipokataa Uji

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi pale mtaani Munyaka, mwanangu, baba yangu alipokataa bakuli la uji, na kwa kukataa kwake nikakaribia kukosa mume. Usicheke. Mzee wangu Odhiambo hucheka kila nikiisimulia, lakini siku yenyewe alikuwa amekunja uso kama mtu aliyemeza ndimu.

Ninakueleza haya kwa sababu nimeona mnavyokula siku hizi. Mjukuu wangu Achieng' ana kazi mjini na anakaa nasi hapa Kiplombe. Ni mtoto mzuri, hana maneno mengi, ila kula kwake kunaninyima raha. Asubuhi anakunywa chai akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika kikombe na mwingine unatafuta viatu. Mchana nikimpigia simu kumuuliza amekula nini, ananijibu kwamba yuko bize. Akirudi jioni anapakua ugali wa mtu aliyelima shamba zima, anaumaliza, kisha anajitupa kwenye kiti na hawezi hata kunioshea kikombe. Juzi nilimgombeza kidogo, naye akanijibu kwa upole, "Shosho, si ni ile ile tu? Chakula ya siku nzima, nimekula mara moja. Hesabu haijabadilika."

Niliposikia neno hilo nilikaa chini. Hesabu hiyo niliijua kabla mama yake hajazaliwa. Ilikuwa hesabu ya baba yangu.

Baba yangu aliitwa Kariuki. Alitoka Murang'a akiwa kijana, akalima viazi Timboroa kule ambako baridi haina huruma, kisha akashuka mjini na kufungua duka Munyaka. Aliuza unga, mafuta ya taa, misumari, mbegu za sukuma wiki, na chochote kile ambacho mtu angeweza kukumbuka akiwa ameshavaa kandambili. Alilipenda duka lile kupita kiasi. Alikunywa chai alfajiri, akafungua mlango, na tangu hapo hakuondoka nyuma ya kaunta mpaka jioni. Kufunga duka ili ule, kwa maoni yake, ilikuwa ni kumwambia mteja aende kwa jirani.

Kwa hiyo mama alikuwa akimwekea chakula cha jioni kwenye sahani ya bati iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Na hapo ndipo palikuwa na mambo. Kwetu, sahani ya baba ilikuwa ndiyo heshima yake. Ile ya juu ilitakiwa ikae ikielea, isiguse kingo za ile ya chini, kwa wingi wa mukimo, yale mahindi na viazi vilivyopondwa pamoja, na nyama. Ikikaa sawasawa, basi mama amemdharau mumewe na shangazi zangu watasikia. Baba alikula yote kimya, jasho likimtoka, kisha akalala papo hapo kwenye kiti. Sisi tulidhani huo ndio uanaume.

Miaka ikapita, akaanza kunywa maji sana. Akaamka usiku mara nyingi, akakonda shingo huku tumbo likibaki pale pale. Mama akamburuta kliniki, wakamwambia ana sukari. Walimpa vidonge, na walimweleza vizuri, maana mama alikuwepo na alisikia kwa masikio yake. Walimwambia apunguze kile kilima cha jioni. Tena wakamwambia chakula akigawe, ale asubuhi, ale mchana, ale jioni, kwa kiasi, na asithubutu kumeza vidonge vile halafu akae na njaa. Baba aliitikia kwa kichwa kwa heshima zote. Lile la kupunguza alilibeba hadi nyumbani. Lile la kugawa alilidondosha njiani, sijui karibu na soko au wapi.

Sasa tazama alivyopiga hesabu yake. Aliona kwamba kama shida ni chakula kingi, basi aache kabisa kula mchana, na asubuhi aonje tu chai, kisha hicho alichookoa akihamishie jioni. Mama alimwambia, "Baba Wairimu, hujapunguza kitu, umehamisha tu." Yeye akacheka. Siku nyingi mambo yalimwendea hivyo hivyo bila ajali, isipokuwa saa kumi alikuwa mkali kwa wateja bila sababu, na watoto wa mtaa walijua wakati huo si wa kumuomba peremende. Sisi tulisema ni uzee. Hatukujua.

Wairimu ndiye mimi. Nilikutana na Odhiambo kwenye kwaya. Alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo, mrefu, mpole, na aliimba sauti ya chini mpaka benchi linatikisika. Watu wake walitoka kule Ziwa Viktoria. Kanisani wote tulikuwa ndugu katika Bwana, lakini nyumbani, mwanangu, unajua ilivyokuwa na unajua ilivyo bado. Baba mdogo Njoroge aliuliza mbele ya kila mtu kama vijana wetu wamekwisha. Baba alikaa na swali hilo wiki nzima. Kisha jioni moja, akifunga duka, akaniambia, "Huyo kijana anasalimia watu vizuri. Waambie waje." Nililia kwa furaha, nikamshika mkono, naye akautoa haraka kwa aibu. Neno lake lilikuwa ndilo mlango wangu. Akilishikilia, ninaolewa, akilirudisha, hakuna mjomba wala mchungaji ambaye angeufungua tena.

Basi Jumamosi ile ikafika, siku ya wazee wa Odhiambo kuja kuzungumza habari za mahari. Mbuzi walichinjwa mapema, masufuria yalijaa uwanja. Baba alivaa koti lake la kanisani na kofia. Alimeza vidonge vyake kwa maji, na mama akamletea bakuli la uji wa wimbi, ule mzito.

"Sitaki," baba akasema. "Leo nakula na wageni."

"Kunywa hata nusu. Wageni wako mbali."

"Unataka wanikute nimeshiba? Mwenye nyumba akidonoa kama kuku, watasema tumewabania chakula. Leo mimi nitakula mpaka waone."

Hakuwa anajisemea tu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Baba wa msichana anakaa na wakwe, anakula nao, na anakula vizuri, ili wageni nao wasione haya kula. Wazee wengi waliacha tumbo wazi tangu asubuhi kwa ajili ya shughuli kama hiyo, wala hakuna aliyeona ubaya.

Mama akauliza, "Na dawa je?"

"Dawa ni ya kushusha sukari. Nisipokula, hiyo sukari itatoka wapi? Leo dawa imepata likizo."

Sote tulicheka. Hata mama alicheka, akarudisha uji jikoni. Ukiusikia hivi unaona ni hoja yenye akili. Lakini kidonge hakijui kama una wageni. Kikishaingia tumboni kinafanya kazi yake, chakula kiwepo kisiwepo.

Wageni walitarajiwa kabla ya saa sita. Saa sita ikapita. Siku hizo hakukuwa na simu ya mkononi ya kuuliza mtu amefika wapi; ulikaa tu ukitazama barabara. Baadaye tulikuja kujua gari lao liliwaharibikia karibu na Kapsabet, nao wakasukuma wakiwa na suti zao. Sisi huku tulijikaza kisabuni. Wazee wa upande wetu waliletewa chai na mikate, wakala. Baba akakataa. Njoroge alipomsogezea kikombe, akakisukuma hata chai ikamwagika kwenye kitambaa cha meza alichokifuma mama. Haikuwa tabia yake. Mama alinitazama, nikamtazama, tukadhani ni wasiwasi wa mzazi.

Jua lilikuwa limeshaelekea magharibi, upande wa Turbo, walipofika. Mimi nilikuwa chumba cha ndani na wasichana wenzangu, maana msichana anayezungumziwa haonekani mpaka aitwe. Tulibanana nyuma ya pazia tukichungulia. Niliwaona wakiingia: wajomba wa Odhiambo, yeye mwenyewe akiwa nyuma kabisa, na mama yake, Mwalimu Rosalia. Alikuwa mjane, mwalimu wa shule ya msingi, mfupi, kilemba kimefungwa juu, mkoba ameukumbatia kifuani. Nilikuwa nimemwona mara moja tu na nilimwogopa.

Baba hakusimama kuwasalimia. Aliwapa mkono akiwa ameketi, na nikaona paji la uso wake linang'aa kwa jasho, ilhali kulikuwa na baridi ya kuvaa masweta mawili. Wakaomba, wakaketi. Mjomba mkubwa, Mzee Okech, akaanza kwa maneno matamu ya siku kama hizo, kwamba wamepita hapa wakaona ua zuri, wakauliza ni la nani. Hakumaliza.

"Nani aliwaita?" baba akasema.

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani wa mahari, kwa sababu utani huwa mwingi. Baba akapiga meza.

"Nauliza nani aliwaita! Mnakuja jioni kama wezi. Mimi sina msichana wa kutupa kwa ziwa. Chukueni samaki yenu muende! Watu wasio na..."

Mwanangu, maneno yaliyofuata siyaandiki. Ni yale maneno ambayo watu wa kabila moja husema juu ya wengine wakiwa peke yao, na ambayo baba yangu, hata akiwa peke yake, sikuwahi kumsikia akiyasema. Nyumba nzima ikawa baridi. Niliona aibu ambayo siwezi kuieleza. Nilimchukia baba yangu wakati ule, nakuambia kweli. Nilijiambia kumbe ndivyo alivyokuwa siku zote, kumbe ile ruhusa ilikuwa ya mdomo tu.

Mzee Okech akasimama polepole, akavaa kofia yake. "Tumesikia," akasema. "Twende nyumbani." Wajomba wakasimama. Odhiambo alibaki akitazama pazia, kama anayejua niko nyuma yake. Mimi nikachukua koti langu. Nilikuwa nimeamua kutoka na kuondoka nao, hivyo hivyo, bila mahari wala baraka, na nisirudi tena Munyaka. Nilitoka nyuma ya pazia mbele ya wazee wote, jambo ambalo halifanywi, na hakuna hata mmoja aliyenikemea, kwa jinsi mambo yalivyokuwa yameharibika.

Ni mtu mmoja tu hakusimama. Mwalimu Rosalia alikuwa ameketi vile vile, mkoba mapajani, anamtazama baba. Hakumtazama kama mtu aliyetukanwa. Alimtazama vile mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeanguka uwanjani, akipima ameumia wapi. Kisha akainuka, akapita kati ya wazee, akamwinamia.

"Mzee, umekula saa ngapi?"

"Toka... toka hapa mama..." Ulimi wa baba ulikuwa mzito. Mkono wake juu ya meza ulitetemeka hata vikombe vikalia.

Rosalia akamgeukia mama yangu. "Huyu ako na sukari?"

"Ndio."

"Amemeza dawa?"

"Asubuhi mapema."

"Na amekula nini?"

Mama akageuka kutazama jikoni, ambako bakuli la uji lilikuwa bado limejaa. Rosalia hakungoja. "Leteni soda. Ile tamu, haraka. Hii si hasira, mama. Huyu mzee sukari yake imeisha kwa damu."

Kulikuwa na kreti za soda pembeni, tumewawekea wageni. Nilikuwa karibu nazo, nimesimama na koti langu mkononi nalia. Akanigeukia mimi. "Na wewe utalia kesho. Fungua chupa."

Nikafungua. Njoroge, ambaye ndiye aliyesimamia desturi siku hiyo, akanyoosha mkono kumzuia. "Mama, pole, lakini kwetu mgeni halishi mwenye nyumba. Na hatujazungumza bado, hatujakula..."

"Mtanipiga faini baadaye," Rosalia akasema. "Sasa shika kichwa yake, isianguke nyuma."

Na Njoroge, mwanangu, yule Njoroge aliyeuliza kama vijana wetu wamekwisha, akapiga magoti na kushika kichwa cha kaka yake, huku mama wa kijana akimnywesha soda kidogo kidogo. Baba alikuwa bado anaweza kumeza. Nakutajia hilo kwa makusudi: mtu akiwa amezimia, hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni hata kwa upendo, utamkaba. Huyo unamkimbiza hospitali. Baba alimeza. Alikunywa chupa nzima huku akimtusi anayemnywesha, kisha matusi yakapungua, kisha yakakoma. Wazee wa Ziwa walikuwa mlangoni hawajui kama watoke au wakae. Rosalia akaomba kipande cha mkate na chai ya maziwa, akamlisha hivyo pia, kwa sababu, alisema, soda inamwamsha lakini haimweki.

Baba akavua kofia, akajipangusa uso. Akatutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeshuka kwenye gari na kukuta mji asioujua. Akamwona Mzee Okech mlangoni amevaa kofia.

"Wageni wamefika?" akauliza. "Mbona mmesimama? Wairimu, mbona uko hapa nje? Nimesema kitu?"

Mama alitazama sakafu. Njoroge alitazama sakafu. Mimi nilikuwa na jibu, na bado nilikuwa na hasira ya kulisema. Rosalia alinitangulia.

"Umetuambia karibu," akasema. "Halafu umetuuliza kwa nini tumechelewa. Hata mimi ningeuliza."

"Na nikaongea vibaya?"

"Uliongea kama mtu mwenye njaa, mzee. Maliza chai."

Baba akawaomba msamaha kwa hilo tu la kuwauliza kwa nini wamechelewa, na akaomba kwa unyenyekevu hata wajomba wakashindwa kumtazama. Mzee Okech akamtazama dada yake, Rosalia, kisha akavua kofia na kuketi tena. Nami nikarudi nyuma ya pazia, nikalitundika koti langu.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Chakula kilipoletwa, mama kwa furaha na woga akamwekea baba ile sahani yake, kilima chenyewe, mukimo, nyama, chapati juu, maana mtu amekaribia kufa njaa. Baba alishika kijiko kama anayeshika jembe. Rosalia, aliyekuwa upande wa pili wa meza, akauliza kwa sauti ya darasani, "Hiyo sahani ni ya watu wangapi?"

Watu waliangua kicheko, kicheko cha watu waliokuwa wakitafuta pa kucheka. Baba akasema hajala tangu asubuhi. Rosalia akamwambia, "Ndiyo hiyo shida, mzee. Mwili si gunia ya viazi, ati unaacha tupu siku mzima halafu unajaza mpaka inashonwa kwa kamba. Asubuhi umeshusha sukari mpaka chini kabisa, sasa unataka kuipandisha mpaka kwa paa. Kula robo ya hiyo. Weka mboga mingi. Ingine utakula usiku, haitoroki." Baba alimtazama mama yangu, akitafuta msaada. Mama alichukua sahani na kuipunguza palepale mbele ya wageni, na siku hiyo hakuna aliyesema amemdharau mumewe.

Walizungumza, wakaelewana. Rosalia alipigwa faini kweli, ya kumlisha mwenye nyumba, na Njoroge ndiye aliyedai ailipe kwa wimbo. Aliimba wimbo wa shule ya Jumapili, vibaya sana, na baba alipiga makofi kuliko wote.

Tangu hapo baba alibadilika, japo kwa kunung'unika. Alikuwa akifunga duka saa nne kunywa uji na kiazi kitamu kimoja, akifunga tena mchana kula, na wateja walipolalamika aliwaambia warudi baada ya muda kidogo, duka halihami. Jioni alikula sahani ndogo yenye mboga nyingi, mapema, kabla usingizi haujamshika. Mwanzoni alidai anakufa njaa. Baadaye akakiri kwamba hasinzii tena akiwa amekaa, na saa kumi watoto wa mtaa walikuwa wakipata peremende. Sukari haikuondoka, ila alikwenda nayo pole pole, akawashika wajukuu, akazeeka vizuri. Na mpaka tunamzika, hakujua maneno aliyoyasema siku ile. Hakuna aliyemwambia. Mzee Okech alikuja mazishini na akamlilia kama kaka.

Nilikaa miaka mingi kwa mama mkwe wangu kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza. Tulikuwa tunachambua mboga nyuma ya nyumba. Nikamwambia, "Mama, maneno yale ya baba yalikuuma?"

"Yaliniuma," akasema. "Mimi ni mtu."

"Basi uliwezaje kuketi?"

Akaweka mboga kando. Kisha akaniambia habari za mume wake, ambaye nilijua tu kwamba alikufa ghafla. Naye alikuwa na sukari. Asubuhi moja alimeza dawa, akakataa kula kwa sababu alikuwa anakwenda kwenye matanga ambako angekula sana, na kabla hajatoka akaanza kumtukana mkewe mbele ya watoto, matusi ambayo hajawahi kuyasema. "Na mimi nikamrudishia yote," Rosalia akasema. "Nikabeba vitabu zangu nikaenda shule. Nilirudi saa sita nikakuta majirani wamejaa kwa uwanja. Mimi nilidhani ni hasira, Wairimu. Daktari ndiye aliniambia ilikuwa nini. Sasa nikamwona baba yako anatetemeka, nikasema huyu sitamrudishia."

Nilimkumbatia na mboga zangu mikononi.

Sasa sikiliza nasaha yangu, mwanangu, hata kama sukari huna na huitarajii. Chakula cha siku nzima kikiliwa kwa mkupuo hakiwi kile kile. Wingi wake unaweza kuwa ule ule, lakini mwili wako uliokuwa ukikingoja ndio unaolipa. Ule asubuhi, hata kama ni kidogo. Ule mchana ukiwa umekaa. Jioni upunguze, na umalize mapema. Sahani yako mboga zichukue nusu, ugali usiwe mlima, nyama au maharagwe vikae na wenzake kwa adabu, na uweke kijiko chini kabla tumbo halijakulazimisha. Sisemi kila mtu ale mara ngapi. Wengine miili yao inataka mara tatu, wengine vitu vidogo zaidi ya hapo, wengine wanafunga kwa imani na wanajua namna ya kufungua kwa kiasi. Ujue wako. Lakini kama wewe au mtu wako anameza dawa ya sukari, hapo hakuna mjadala: dawa na chakula vinakwenda pamoja, wala usiviachanishe kwa ajili ya wageni, harusi, matanga, wala kufunga, bila kuwauliza wanaokutibu. Uwe na kitu kitamu karibu. Na mpendwa wako akibadilika ghafla, akatetemeka, akatokwa na jasho kwenye baridi, akakuambia maneno yasiyo yake, usikimbilie kuchukua koti kama nilivyochukua mimi. Muulize kwanza.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe chakula cha kukutosha na akili ya kukigawa. Akupe meza yenye watu, na wakwe wenye subira. Na siku utakayosema neno baya ambalo si lako, akuweke karibu na mtu atakayekuuliza umekula saa ngapi, kabla hajakujibu.